Njia Mbele ya Nyumba Yako ni Mali ya Nani?



Mtu akinunua ng'ombe, majirani humwuliza kwanza: Utamlaza wapi? Akinunua mashua, humwuliza: Utaifunga wapi? Lakini akinunua motokari, watu humpongeza tu, wala hapana amwulizaye itakaa wapi usiku. Yeye mwenyewe hajiulizi. Aona njia imepita mbele ya mlango wake. Aisimamisha hapo, aifunga, aingia ndani kula. Jirani yake afanya vivyo hivyo, na jirani wa jirani vivyo hivyo. Hata siku moja njia imejaa pande zote mbili, na mtu arudiye kazini jioni hapati nafasi ila katika mtaa wa tatu kutoka kwake. Ndipo ugomvi unapoanza.

Ugomvi huo upo leo katika miji mingi ya ulimwengu. Juma hili twataka kuutazama katika mji mmoja ambao umejaribu dawa yake kwa miaka mingi, yaani London, mji mkuu wa Uingereza. Hatuuchagui kwa kuwa Waingereza wana akili kuliko watu wengine. Twauchagua kwa sababu kule wenyeji wa mitaa huulizwa shauri kabla ya kuwekwa amri, nao hujibu bila kuogopa, mara nyingi kwa maneno makali. Na katika maneno yao mna mafundisho kwa watu wote wakaao wengi mahali padogo.

NYUMBA ZA ZAMANI, MAGARI YA SASA

Mitaa mingi ya London ilijengwa wakati wa Malkia Victoria, aliyetawala tangu mwaka 1837 hata mwaka 1901. Nyumba zake zimeshikana ukuta kwa ukuta, kama meno kinywani. Wajenzi wake hawakufikiri habari za motokari. Mfanyakazi alikwenda kazini kwa miguu au kwa gari la moshi; tajiri alikuwa na farasi, na farasi walikuwa na mabanda yao nyuma ya nyumba.

Ninyi wanafunzi, shikeni kalamu. Nyumba moja ya namna hiyo yaweza kuwa na upana wa meta 5 hivi. Motokari moja nayo yahitaji meta 5 hivi ya njia ili iweze kuingia na kutoka. Basi mbele ya kila nyumba pana nafasi ya motokari moja tu. Tuseme mtaa una nyumba 40 kila upande, jumla 80. Mtaa huo una nafasi 80, nasi hatujatoa bado pembe za njia wala mahali pa kuvukia watu. Lakini nyumba nyingi za zamani zimegawanywa: jamaa moja yakaa chini, ya pili yakaa juu, pengine na ya tatu juu kabisa. Hivyo nyumba 80 zaweza kuwa na jamaa 160 au zaidi. Nusu tu ya jamaa hao wakiwa na motokari moja moja, nafasi zote 80 zimekwisha. Na bado hajafika mgeni, wala fundi wa mabomba, wala mwuguzi, wala gari la kuleta mizigo.

Tena motokari haitembei sana kama wengi wadhanivyo. Mwaka 2012 shirika moja la Uingereza lichunguzalo mambo ya magari, RAC Foundation, lilitoa taarifa juu ya jambo hili. Lilionyesha ya kuwa motokari ya kawaida katika nchi ile imesimama nyumbani sehemu 80 katika 100 za maisha yake, imesimama mahali pengine sehemu 16, na yatembea sehemu 4 tu. Juma lina saa 168. Pigeni hesabu, mtaona kwamba motokari hutembea saa zisizofika 7 kwa juma. Saa zote nyingine ni chuma kilicholala. Swali la mitaa yetu si jinsi magari yatakavyopita tu, bali ni wapi yatakapolala.

DAWA ILIANZIA WAPI

Dawa ya kwanza ilitoka Marekani. Katika mji wa Oklahoma City wafanyakazi wa maduka na ofisi walikuwa wakisimamisha magari yao katikati ya mji tangu asubuhi hata jioni, na wanunuzi hawakupata nafasi. Mwandishi wa magazeti mmoja, jina lake Carl Magee, alifikiri chombo kidogo chenye saa ndani yake, kisimamishwe juu ya nguzo kando ya njia. Mwenye motokari atie sarafu, na saa yaanza kuhesabu. Tarehe 16 Julai 1935 chombo cha kwanza kilianza kazi, kwa malipo ya senti 5 kwa saa moja.

London ilikawia. Vyombo kama hivyo viliwekwa kwanza mwezi wa Julai 1958, katika mtaa wa kitajiri wa Mayfair. Mwezi wa Septemba 1960 wakaja askari wa njia, wasio polisi wenyewe, ambao kazi yao ilikuwa kuandika faini za magari yaliyosimama vibaya. Na hapo pana hadithi ambayo Waingereza wangali wakiisimulia. Karatasi ya kwanza ya faini, ya paundi 2, iliwekwa juu ya motokari ya daktari, Thomas Creighton. Naye alikuwa wapi? Alikuwa ndani ya hoteli, akimhudumia mtu aliyeshikwa na ugonjwa wa moyo. Watu walipopata habari walikasirika sana, na daktari akasamehewa faini yake.

Hadithi hiyo ni fupi, lakini yashika shina la jambo lote. Askari hakukosa, amri ilikuwa amri. Daktari naye hakukosa. Mgonjwa alikuwa akikaribia kufa. Basi kosa lilikuwa wapi? Lilikuwa katika amri iliyotazama magari bila kuwatazama watu walioyaendesha. Tangu siku ile hata leo, kila wenyeji wa mtaa wanapokutana kushauriana juu ya saa za kusimamisha magari, swali ni lile lile: Tutatunga amri gani ili mtaa upumue, na daktari asitozwe faini?

AMRI YENYEWE ILIVYO

London ina mabaraza ya miji 32, pamoja na mji wa kale uitwao City katikati yake. Kila baraza lina mamlaka juu ya njia nyingi za mitaa yake. Zamani polisi ndio waliosimamia magari yaliyosimama. Lakini sheria ya mwaka 1991 ilifungua mlango, na kazi hiyo ikahamia kwa mabaraza.

Baraza laweza kuchagua mitaa kadhaa, likaifanya kuwa eneo lenye saa za amri. Mahali pa kuingilia eneo huwekwa kibao chenye kuonyesha siku na saa. Kando ya njia huchorwa visanduku vyeupe, ambamo magari husimama, na mistari ya manjano pale ambapo hayana ruhusa. Mwenyeji hununua kibali cha mwaka; mgeni wake hupewa vocha ya saa chache au ya siku moja. Mtu asiye na kibali akisimama wakati wa saa za amri, huandikiwa faini. Saa za amri zikipita, njia ni ya kila mtu.

Wapo walio na haki ya pekee. Walemavu na wagonjwa wasioweza kutembea vema hupewa kadi ya buluu ya kuweka ndani ya kioo cha motokari. Katika sehemu nyingi za Uingereza mwenye kadi hiyo aweza kusimama hata juu ya mstari wa manjano mmoja kwa muda wa saa 3, isipokuwa pale palipokatazwa kupakia na kupakua mizigo. Lakini katika mitaa ya katikati ya London kuna masharti mengine, na mwenye kadi hana budi kuyasoma vizuri.

Sasa, saa zenyewe ni zipi? Hapo ndipo majirani wanapogawanyika zaidi. Baadhi ya mitaa ina amri tangu saa 2 na nusu asubuhi hata saa 12 na nusu jioni. Mingine ina saa moja au mbili tu katikati ya mchana, kwa mfano saa 4 hata saa 5. Msomaji atauliza: Saa moja yafaa nini? Yafaa sana, nayo ni werevu. Mitaa iliyo karibu na vituo vya treni husumbuliwa na watu watokao mbali, ambao huacha magari yao hapo asubuhi, wapanda treni, warudi jioni. Mtu kama huyo hawezi kutoka kazini saa 4 aje kuliondoa gari lake. Hivyo saa moja ya amri yamzuia mchana kutwa, na wenyeji wapata kukaribisha wageni wao saa zote nyingine bila kulipa.

Tena iko mitaa yenye siku za pekee. Karibu na uwanja wa mpira wa Arsenal katika Islington, na karibu na uwanja wa Wembley, amri huongezwa siku za michezo, maana watu zaidi ya 60,000 waweza kufika kwa mara moja. Asiyekaa hapo ni lazima ajue siku ya mchezo ni ipi, la sivyo hurudi akakuta karatasi ya faini juu ya kioo.

WENYEJI WASEMAVYO

Penye wengi pana mengi. Tusikilize sasa maneno yasemwayo katika mikutano ya namna hii, kila neno kwa zamu yake, pasipo kumcheka mtu.

Wa kwanza ni mfanyakazi arudiye usiku. Asema: «Nimelipa kodi ya nyumba, nimelipa kodi ya gari, na bado nazunguka mtaa nusu saa nikitafuta nafasi. Magari yaliyosimama mbele ya nyumba yangu si ya mtu hata mmoja akaaye hapa. Ni haki hiyo?» Mama mwenye watoto wadogo amwunga mkono. Mtoto mmoja amelala mkononi, wa pili ashika nguo yake, na vikapu vya chakula vimo ndani ya gari. Kwake yeye meta 200 si jambo dogo.

Wa pili ni mwenye duka la pembeni. Asema: «Mnunuzi wangu husimama dakika 10, achukua mkate na maziwa, aenda zake. Mkimtaka anunue kibali kwa dakika 10, ataenda kwenye duka kubwa lenye uwanja wa magari.» Na neno lake lina uzito, kwa maana duka la pembeni likifungwa, wazee wasioweza kwenda mbali ndio watakaoumia kwanza.

Wa tatu ni binti mwenye mama mzee. Yeye hakai katika mtaa huo. Mama ndiye akaaye hapo peke yake. Kila asubuhi kabla ya kazi binti hufika kumwosha na kumlisha. Jioni hufika tena. Asema: «Mama hana motokari, kwa hiyo hahitaji kibali. Mimi nina motokari, lakini si mwenyeji, kwa hiyo sipewi kibali. Nikinunua vocha kila siku, mwisho wa mwezi ni fedha nyingi.» Hapo mkutano hunyamaza, maana kila mtu ana mama. Mabaraza mengine yametunga kibali cha mwenye kumtunza mgonjwa kwa ajili ya watu kama huyu. Lakini kibali hicho hakikutoka mbinguni. Kilitoka katika midomo ya watu waliosimama mkutanoni wakasema.

Wa nne haonekani sana, kwa kuwa haji mkutanoni. Ni yule asiye na motokari. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2021 ilionekana kwamba jamaa 42 katika kila 100 za London hazina motokari kabisa. Na katika Islington ni karibu theluthi mbili. Mtu huyu angeweza kusema: «Ninyi mwagombana ni gari la nani lisimame njiani. Mbona hapana aniulizaye mimi kama nataka gari lolote lisimame? Njia ni yangu pia. Ningependa mti, au kiti cha wazee, au mahali pa watoto kupita na baiskeli.» Neno lake ni gumu kulijibu. Hekta za njia zilizo mali ya wote zimekuwa chumba cha kulala cha vitu vya watu wachache, bila mtu kukumbuka ni lini jambo hilo lilikubaliwa.

Wa tano ni jirani wa mtaa wa pili. Yeye hakuwa na shida mwaka jana. Lakini mtaa wa kwanza ulipowekewa amri, magari yaliyofukuzwa huko yalihamia kwake, kama maji yazuiliwayo huku yakatokea kule. Sasa naye ataka amri. Akipewa, mtaa wa tatu utalia. Ndiyo sababu maeneo ya amri huenea mwaka kwa mwaka, kama doa la mafuta juu ya karatasi. Kwa hiyo wenye busara husema: msiulize mtaa mmoja tu, waulizeni na walio kando yake siku ile ile.

Wa sita hasemi neno, atenda. Abomoa ukuta wa bustani yake ndogo mbele ya nyumba, amwaga saruji, na kuweka motokari yake ndani. Amejiokoa yeye. Lakini ili aweze kuingia, ukingo wa njia hushushwa mbele ya mlango wake, na nafasi moja ya njiani iliyokuwa ya wote imepotea. Tena mvua iliyokuwa ikiingia katika udongo wa bustani sasa yaenda mbio katika mifereji, na mitaa ya chini yafurika. Tangu mwezi wa Oktoba 2008 serikali ya Uingereza yataka mtu aombe ruhusa kabla ya kufunika zaidi ya meta 5 za mraba za bustani ya mbele kwa kitu kisichopitisha maji.

DOMINIKA JE?

Jambo hili lagusa hata milango ya makanisa. Mwaka 2011 baraza la Westminster, katikati ya London, lilitaka kutoza fedha za kusimamisha magari hata usiku na siku za Dominika. Baraza lilisema kwamba mji una magari mengi hata siku hizo. Lakini watu wengi walipinga: wenye hoteli na majumba ya michezo, wafanyakazi wa usiku ambao hawapati treni saa za kurudi, na watu wa makanisa. Hao wa mwisho walisema kwamba mzee atokaye mbali kuja kusali asitozwe kana kwamba amekuja sokoni. Shauri lilifika mahakamani, mpango ukaahirishwa, na mwezi wa Januari 2012 uliachwa kabisa.

Tusifikiri, hata hivyo, kwamba waamini hawana wajibu katika jambo hili. Mwenyeji asiyesali naye ana malalamiko yake: kila Dominika asubuhi njia yake yafungwa na magari ya watu wenye haraka ya kufika ibadani, na baadhi yao huziba mlango wake. Mtu aingiaye kanisani huku gari lake limemfungia jirani ndani ya nyumba yake, ibada yake imeanza vibaya.

FEDHA ZAENDA WAPI?

Neno litiwalo shaka zaidi katika mikutano ni fedha. Watu husema: «Baraza halitaki kutusaidia, lataka kutukamua.» Je, ni kweli?

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1984 yaruhusu baraza kutoza malipo kwa vibali. Fedha zikizidi gharama, sheria yataja kazi ambazo zaweza kufanywa kwa ziada hiyo, kama vile viwanja vya magari, usafiri wa watu wote na matengenezo ya njia. Lakini je, baraza laweza kupandisha bei kwa kusudi la kupata ziada? Swali hilo liliulizwa mbele ya hakimu. Mwaka 2011 baraza la Barnet, kaskazini ya London, lilipandisha kibali cha mwenyeji kutoka paundi 40 hata paundi 100, na vocha ya mgeni kutoka paundi 1 hata paundi 4. Wenyeji walichanga fedha, na mmoja wao, David Attfield, akalishitaki baraza. Mwezi wa Julai 2013 Mahakama Kuu iliamua kwamba wenyeji wana haki. Hakimu alisema ya kuwa sheria ile imewekwa ili kuongoza magari, wala si ya kutoza kodi. Haifai kupandisha bei za vibali kwa shabaha ya kujaza mfuko wa kazi nyingine.

Tazameni basi. Watu wa mtaa, wasio na cheo, walisoma sheria, wakashikamana, wakalishinda baraza kwa njia ya amani. Hawakuvunja vibao wala kuwapiga askari. Na amri ya saa haikufutwa. Ilisahihishwa bei tu.

Mwalimu mmoja wa Marekani, Donald Shoup, aliyefariki mwaka 2025, alitumia maisha yake kuchunguza mambo haya, na mwaka 2005 alitoa kitabu kikubwa juu yake. Alifundisha kwamba nafasi isiyolipiwa hailipiwi kwa fedha, lakini yalipiwa kwa muda, kwa moshi na kwa hasira ya wanaozunguka wakitafuta. Malipo yawe ya kiasi kile tu kinachoacha nafasi moja au mbili wazi kila mtaa. Tena alisema, fedha zirudi katika mtaa ule ule zilikotoka, watu wazione kwa macho. Mji wa Pasadena ulifanya hivyo tangu mwaka 1993 katika mtaa wake wa zamani: fedha za vyombo vya saa zilitengeneza njia za miguu, taa na miti, na wenye maduka waliokuwa wakipinga wakanyamaza.

SHAURI LIKATWAVYO

Katika London baraza hutuma barua kwa kila nyumba ya eneo: Je, mna shida? Mwataka amri? Siku zipi? Saa zipi? Majibu yakirudi, wakuu huyahesabu mtaa kwa mtaa. Kisha amri hutangazwa katika gazeti na kwenye nguzo za njia, na watu wana siku 21 za kuandika mapingamizi yao. Baraza laweza pia kuweka amri ya kujaribu, isiyopita miezi 18, watu waone matunda yake kabla ya kuithibitisha.

Utaratibu huo ni mzuri, lakini una kasoro moja, nayo ni uvivu wa watu. Barua nyingi hutupwa bila kusomwa. Wachache hujibu, amri yawekwa kwa neno lao, na siku ya faini ya kwanza wengi hulia: «Hatukuulizwa!» Waliulizwa. Barua ilikuwa chini ya magazeti mezani. Jambo la namna hiyo lilionekana pia katika Paris. Tarehe 4 Februari 2024 watu wa mji ule waliitwa kupiga kura kama motokari kubwa na nzito za wageni zilipe mara tatu, yaani euro 18 kwa saa katikati ya mji. Sehemu 54 na nusu hivi katika 100 za kura zilisema ndiyo. Lakini waliofika kupiga kura hawakuwa hata watu 6 katika kila 100 walioandikwa. Amri ilianza mwezi wa Oktoba mwaka ule ule.

Wajapani walishika njia nyingine kabisa. Sheria yao ya mwaka 1962 yataka mtu aonyeshe kwanza mahali atakapoiweka motokari yake, karibu na nyumbani na nje ya njia ya wote, ndipo aandikishiwe. Isipokuwa motokari ndogo sana katika sehemu kadhaa. Polisi waweza kwenda kupima mahali penyewe. Hao walikumbuka kuuliza lile swali la ng'ombe: Utamlaza wapi?

TUFUNZWE NINI?

Miji yetu nayo yakua. Apitaye katikati ya Lubumbashi au Bukavu saa za kazi ajua jinsi magari, pikipiki, mikokoteni na meza za wauzaji zinavyogombania kando ya njia ile ile. Yawezekana siku itakuja ambapo wakuu wa mtaa wako watasema: Na tuweke saa. Usikimbilie kusema ndiyo kwa sababu una gari, wala hapana kwa sababu wachukia kulipa. Uliza maneno haya manne.

Kwanza: shida yetu ni ya saa ngapi? Kama wageni hujaa asubuhi tu, haifai kufunga njia mchana kutwa. Dawa isizidi ugonjwa.

Pili: nani hayupo mkutanoni? Mgonjwa aliye kitandani, binti amtunzaye, mwenye kutembea kwa miguu, jirani wa mtaa wa pili. Amri ikitungwa bila hao itawaumiza hao.

Tatu: fedha zitahesabiwa na nani, nazo zitaonekana wapi? Fedha zisizoonekana huzaa manung'uniko, hata zikitumiwa vema.

Nne: tutaipima lini? Amri iwekwayo kwa kujaribu, kisha ikaangaliwa tena, yavumilika. Amri isiyoangaliwa tena hugeuka mzigo.

Nanyi wenye motokari, msingoje amri ili kuwa watu wema. Usizibe mlango wa mtu. Usisimame juu ya njia ya miguu, ukamlazimisha mama mwenye mtoto mgongoni kushuka katikati ya magari. Acha nafasi ya gari la wagonjwa kupita. Huenda usiku huu linakuja kwako. Njia mbele ya nyumba yako si mali yako, wala si mali ya mwenzako mwenye nguvu. Ni ya wote, na kitu cha wote kina haki ya kutunzwa na wote.